Dawa ya Asiyeumwa

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti yangu kliniki, kumpeleka mjukuu wangu akachanjwe. Nesi aliloweka pamba kwenye spiriti, akampangusa mtoto begani, na ile harufu kali yenye ubaridi ikaniingia puani kabla sijajiandaa. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi. Binti yangu alidhani presha imepanda, akanifuata na chupa ya maji. Nikamwambia ni joto tu. Halikuwa joto. Ilikuwa Kariakoo ya utoto wangu, chumba chenye dirisha moja, na mwanamke aliyekuwa akija kunishika tumbo kila Jumatatu.

Ninyi wa rika langu mnajua kwamba sisi hatukuelezwa mambo. Watoto wa siku hizi huuliza, na wakiuliza hujibiwa. Sisi tulikaa kando ya mazungumzo ya wakubwa tukiokota makombo, kisha tukayaunganisha wenyewe kadiri akili zetu zilivyotutuma. Mara nyingine tulipatia. Mara nyingine tulijijengea nyumba nzima juu ya neno moja tulilolisikia vibaya, tukaishi ndani yake.

Mimi neno langu lilikuwa "amelala".

Nilizaliwa Kilimanjaro, upande wa Marangu. Baba alishuka Dar es Salaam nikiwa mdogo, akafungua duka la nafaka karibu na Mtaa wa Msimbazi, akiuza maharage, vitunguu na viazi vilivyoshushwa na malori kutoka kwetu. Mwaka mmoja mama naye akashuka kumfuata. Mimi niliachwa kwa bibi, nisubiri hadi wapate chumba kikubwa. Masika yalikuwa yakianza. Nakumbuka mama alivyoinama akanifunga kitambaa kichwani, akakaza fundo kuliko kawaida, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Kabla mvua hazijakatika, mwinjilisti wetu alikuja nyumbani mchana, akavua kofia mlangoni. Aliongea na bibi kwa muda mrefu. Kisha akaniita, akaniwekea mkono kichwani na kuniambia kwa Kiswahili chake cha kanisani, "Mama yako amelala, mwanangu. Amelala Dar es Salaam."

Bibi alilia sana siku ile. Wanawake wa jirani walikuja, nao wakalia. Mimi nilidhani wanalia kwa sababu Dar es Salaam ni mbali. Kufa nilikuwa nakujua. Babu alikuwa amekufa, nami niliona shimo likichimbwa katikati ya migomba nyuma ya nyumba, nikaona mawe yakipangwa juu yake. Kwetu mtu akifa hurudishwa kwenye kihamba, shamba la ukoo, akalazwa na watu wake. Mama hakuchimbiwa shimo. Hakuna jiwe lililopangwa. Basi mama hakuwa amekufa. Alikuwa amelala, na aliyelala huamka.

Bibi alipoanza kupoteza nuru ya macho, baba alikuja kunichukua. Nilikuwa kwenye umri ule wa kung'oka meno ya mbele. Tulisafiri kwa basi, tukalala njiani Korogwe, na kadiri tulivyoshuka hewa ikawa nzito kama blanketi lililoloa. Baba hakusema mengi. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu zamani, lakini sasa hata yale machache alionekana kuyabania. Nami sikumuuliza kitu, kwa kuwa nilijua ninakokwenda. Nilikuwa nakwenda kumwamsha mama.

Tulifika jioni. Nyumba ilikuwa ya Kiswahili, yenye ukumbi mrefu na vyumba vya wapangaji huku na huku, na uani kulikuwa na bomba na jiko la kuni. Baba alifungua mlango wa chumba chetu. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja cha kamba, shuka imetandikwa ikanyooka, na juu yake chandarua kimefungwa fundo. Kitanda kilikuwa kitupu.

"Utalala hapa, kwenye chandarua," baba alisema. "Mimi nitatandika mkeka."

Sikuuliza mama yuko wapi. Nilijua kwamba nikiuliza, uso wa baba utafanya jambo ambalo sitaki kuliona. Nikajiambia tu kwamba amelazwa mahali pengine, huko ambako Dar es Salaam huweka watu wake waliolala.

Baba alikuwa akiondoka kwenda dukani alfajiri, na kurudi wakati wenzetu wameshakula. Shule ilikuwa bado haijanipatia nafasi. Nilishinda kizingitini. Watoto wa nyumba ile hawakuwa wabaya, lakini Kiswahili chao kilikwenda mbio, na changu kilikuwa cha kanisani na cha kukwamakwama. Nikifungua mdomo waliangua kicheko, wakaniigiza. Nikaona heri kufunga mdomo. Ng'ambo ya mtaa kulikuwa na nyumba ya ghorofa ya familia ya Kihindi, na kwenye roshani yake msichana wa umri wangu, mwenye msuko mmoja mrefu, alikuwa akisimama mchana akila mapera yaliyotiwa chumvi na pilipili. Tulikuwa tukitazamana. Siku nyingine aliinua pera lake kidogo kunionyesha. Hakuteremka hata siku moja, nami sikujua jina lake. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu.

Halafu daktari akaja mtaani kwetu.

Alikuwa Mzungu mrefu, shingo nyekundu kwa jua, na Kiswahili cha kuokoteza. Wazazi walikusanyika kwenye uwanja mdogo mbele ya nyumba yetu. Alieleza kwamba ameleta vidonge vya kuzuia homa ya malaria, si vya kuitibu. Mtoto atameza kila wiki, msimu wote wa mvua, na homa haitampata. Yeye na wenzake wanataka kupima kama jambo hilo linawezekana. Vidonge ni vya aina mbili, alisema, na wataangalia watoto wa aina ipi wataendelea vizuri zaidi.

Watu walinong'ona. Mzee mmoja akasimama, akasema, "Bwana daktari, dawa hunywa mgonjwa. Asiyeumwa akinywa dawa si anauita ugonjwa?"

Watu wakacheka. Mwanamke aliyesimama kando ya daktari ndiye aliyejibu. Alikuwa mnene, amevaa sare nyeupe, na buibui lake amelikunja akalitia kwapani.

"Mzee wangu, wewe paa lako unaliziba lini? Mvua ikishaanza kunyesha kitandani?"

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka mzee. Huyo alikuwa Bi Tatu, mtu wa hapo hapo mjini, msaidizi wa daktari. Kina mama wengi bado walisita. Lakini baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akijitanguliza mbele za watu, alipenya katikati ya umati akinivuta mkono.

"Huyu," alisema. "Mwandikeni huyu kwanza."

Watu walimtazama kwa mshangao. Hata mimi nilishangaa. Mkono wake ulikuwa ukinibana hadi vidole vikaniuma.

Kila Jumatatu Bi Tatu alikuja. Alibeba makopo mawili ya bati, moja jekundu, moja la kijani, na kila mtoto alikuwa na kopo lake ambalo halibadilishwi. Mimi nilikuwa wa kijani. Alikuwa akianza na kidole: pamba ya spiriti, kisha sindano ndogo, kisha tone la damu analipaka kwenye kipande cha kioo. Halafu kidonge na maji. "Fungua kinywa. Inua ulimi. Haya, mwali wangu, umemaliza." Mwisho nilijilaza kwenye mkeka, naye akaniwekea mkono tumboni, chini ya mbavu za kushoto, akabonyeza polepole akitafuta bandama, maana homa ikimzoea mtoto bandama huvimba.

Mkono ule ulikuwa mpana na wa joto. Huwa najaribu kueleza na sifaulu. Wiki nzima hakuna mtu aliyekuwa akinigusa. Baba hakuwa mkali, lakini hakuwa akinigusa, kana kwamba anaogopa nitavunjika. Jumatatu mkono wa Bi Tatu ulikaa tumboni mwangu kwa muda wa pumzi chache, naye akiuliza, "Umekula nini leo? Mbona tumbo linanung'unika?" Nikawa naamka Jumatatu kabla ya baba. Nilijipaka mafuta tumboni.

Basi ikatokea kwamba Saidi, mtoto wa chumba cha tatu, akapata homa. Naye alikuwa wa kijani. Watu wa daktari walikuja kumchukua kwa motokaa, akakaa hospitali, akarudi amekonda na ana mengi ya kusimulia. Alikaa kwenye ngazi ya uani, watoto wamemzunguka, nami nikasimama nyuma yao.

"Kule wanawake wana chumba chao," alisema Saidi. "Kikubwa! Wamelala tu. Kitanda kwa kitanda, wamejipanga. Mchana kweupe wamelala!"

Mwili ulinisisimka wote. Hapo ndipo mama alipo, nikajua. Sasa nilipata jina la mahali: hospitali. Na njia ya kufika nikaipata pia, kwa sababu Saidi alikuwa amepelekwa na homa.

Lakini mimi nilikuwa nikimeza kidonge cha kuzuia homa. Ndiyo kusema nilikuwa nikimeza, kila wiki, kitu kinachonizuia kufika kwa mama. Kutema sikuweza, maana Bi Tatu alitazama hadi chini ya ulimi, na zaidi ya hapo niliogopa kwamba akinikamata hatarudi tena kunishika tumbo. Kwa hiyo nikafanya lile ambalo bibi alinifundisha kufanya mtu akishindwa. Nilipiga magoti ndani ya chandarua nikaomba. "Bwana, nipe homa." Niliomba kwa Kichaga, nikarudia kwa Kiswahili, nisijue ni lugha ipi inayosikika zaidi huku tambarare.

Nikapewa.

Ilianza kwa baridi. Ilikuwa mchana wa jua kali, nami nimekaa kizingitini meno yakigongana. Msichana wa roshani alikuwa ananitazama, pera mkononi, na nilitaka kumwonyesha kwa ishara kwamba nimepata, lakini mkono haukuinuka. Mke wa mwenye nyumba aliponigusa paji la uso alipiga ukelele. Mtu akakimbia dukani. Baba alikuja na vumbi la maharage nywele nzima. Duka alikuwa ameliacha wazi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Hakungoja motokaa. Alinitia mgongoni, akanifunga kwa kanga ya mtu kama mwanamke afanyavyo, akaanza kukimbia.

Tulikata uwanja wa Mnazi Mmoja. Watu walitupisha. Nakumbuka sikio langu lilikuwa mgongoni kwake, nikisikia moyo wake na maneno yake kwa pamoja, kwa Kichaga, neno lile lile tena na tena: "Si huyu. Si huyu. Si huyu." Sikujua anazungumza na nani. Mimi nilikuwa na furaha. Natetemeka mwili mzima, kichwa kinapasuka, na nina furaha kuliko siku zote tangu nishuke mlimani.

Hospitalini walinichoma sindano ya kwinini. Siku zilizofuata zimenipotea. Zimebaki vipande tu, dari jeupe, sauti ya ndoo, na baba kwenye kiti, ndevu zimeota. Kisha siku moja niliamka kichwa kimetulia, nikasikia watu wakizungumza karibu yangu. Nikabaki nimefumba macho, kama tulivyozoea watoto wa enzi zile.

Baba alikuwa akisema, "Alikuwa anatema. Lazima alikuwa anatema."

"Bwana Elia, naapa kwa Mungu," ilikuwa sauti ya Bi Tatu. "Kila wiki nimemtazama kinywa. Mtoto huyu kameza vyote."

"Basi imekuwaje?"

Nikasikia viatu vya daktari vikiondoka, na baada ya muda vikirudi.

"Nimetazama," alisema daktari. "Kopo la kijani halina dawa. Ni unga, na sukari kidogo."

Niliinua ukope kidogo. Bi Tatu alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda cha pili.

"Unga?" alisema. "Mimi nimewapa watoto unga? Mjukuu wangu mwenyewe ni wa kijani, daktari. Hata mimi hukuniambia?"

"Hakuna aliyetakiwa kujua, Bi Tatu. Ungejua, ungewaangalia tofauti. Nami pia sikujua kopo lipi lina dawa, mpaka leo nilipofungua karatasi za siri."

"Ulisema ni vidonge vya aina mbili," baba alisema. Hakupandisha sauti.

"Ndiyo. Aina mbili."

"Mimi nilisikia dawa mbili."

Daktari alikuwa kijana, sasa ndiyo naona. Pale nilimwona mzee kwa kuwa ni mrefu. Alisema bila upande mmoja kukosa dawa wasingejua kama upande wa pili umepona kwa dawa au kwa bahati. Alisema kila mtoto anayepata homa anatibiwa siku hiyo hiyo, na kwamba kuanzia leo mimi nitapewa kidonge chenyewe. Alijitahidi sana kutafuta maneno ya Kiswahili, na baba alimngoja kila alipokwama.

"Nina huyu tu," baba alisema mwishowe. "Ungeniambia upande mmoja hauna kitu, nisingekupa. Lakini ungekuwa umeniambia." Akapangusa uso kwa kiganja. "Waiteni wazazi muwaeleze. Msiposema ninyi, nitasema mimi."

Wazazi walikuja kuitwa kweli, nilisikia baadaye. Wapo waliotukana wakawatoa watoto wao. Wengi walibaki, maana mvua zilikuwa karibu kwisha. Lakini hilo mimi halikunishughulisha. Mimi nilikuwa nangoja watoke, nianze kazi iliyonileta.

Walipotoka nilishuka kitandani. Miguu ilikuwa kama si yangu. Nilishika ukuta, nikafuata ukumbi hadi kwenye mlango ambao nilisikia ndani yake sauti za wanawake. Kilikuwa kile chumba, vile vile kama alivyosema Saidi, kitanda kwa kitanda. Nilianza na wa kwanza. Alikuwa amejifunika shuka hadi puani, nikaishusha taratibu nikamtazama. Si yeye. Nikaenda wa pili. Wa tatu alikuwa macho, akanitazama tu, mgonjwa mno hata asiweze kuuliza. Niliendelea. Mmoja alikuwa amelala kifudifudi, nywele zake zimesukwa kama za mama, na nilisimama pale muda mrefu nikikusanya ujasiri, kisha nikamgusa bega na kumwita kwa Kichaga, "Mama, amka."

Aligeuka. Alikuwa mwanamke mzee sana.

Bi Tatu ndiye aliyenikuta. Nilisikia harufu ya spiriti kabla ya sauti yake. Alichuchumaa, akanishika mabega.

"Unamtafuta nani, mwali wangu?"

"Mama."

"Mama yako yuko hapa?"

"Amelala Dar es Salaam," nilisema. "Mwinjilisti alisema. Nimetazama hawa wa upande huu, bado wale."

Sijawahi kuuona tena uso wa mtu mzima ukibadilika namna ile. Alinibeba, mtoto mkubwa miguu inaning'inia, akanirudisha kitandani, akanifunika, akaenda nje alikokuwa baba. Niliwaona dirishani. Bi Tatu alizungumza kwa muda mfupi. Baba alisimama ameinamisha kichwa. Kisha Bi Tatu akamsukuma kifuani kwa kidole, mara moja, kama anavyosukumwa mtoto anayeogopa kuingia darasani.

Baba aliingia akakaa sakafuni karibu na kitanda, kichwa chake kikawa sawa na changu.

"Mama hayuko humu," alisema.

"Yuko wapi?"

"Mama alikufa, mwanangu. Kulala ni namna tu ya kusema. Alipata homa hii hii iliyokupata wewe. Sisi watu wa juu homa hii hatuijui, ikitupata haituchezei. Alishuka huku, mvua zikaja, na hakumaliza mwezi."

Nikamwambia si kweli, kwa kuwa hakuna shimo nyumbani. Nikamwambia kuhusu babu na mawe. Nilieleza kwa subira, kama mtu anayemrekebisha mwenzake aliyekosea hesabu. Baba alisikiliza yote.

"Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua," alisema. "Malori hayapiti. Nilizunguka mji mzima nikitafuta wa kumpandisha, nikakosa. Nikamzika huku, kwenye mchanga. Wazee nyumbani hawajanisamehe. Ndiyo maana hakuna anayelisema."

Alilia. Sikuwahi kumwona baba akilia, na jambo la ajabu ni kwamba mimi sikulia. Nilikuwa natazama mlango wa ukumbi, nikifikiria vile vitanda vya upande wa pili ambavyo sikuwa nimevitazama. Ilinichukua muda mrefu kuacha kuvifikiria. Hata nilipokuwa msichana mkubwa, nikipita karibu na hospitali yoyote, ilikuwepo sehemu ndogo ndani yangu iliyosema, bado wale.

Nilipopata nguvu alinipeleka makaburini. Kulikuwa na kilima kidogo cha mchanga chenye msalaba wa mbao, na majani makavu ya mkorosho yamepeperushiwa juu yake. Baba aliyaokota moja moja. Mimi nilisimama na viatu vyangu vipya vya hospitalini, ambavyo Bi Tatu aliniletea, nikaona jinsi kaburi lilivyo mbali na migomba yote niliyoijua. Upweke nilioufahamu kabla ya hapo ulikuwa wa kungoja. Kuanzia siku ile ukawa wa namna nyingine, usio na kitu mbele yake.

Mvua zilikoma. Bi Tatu aliendelea kuja Jumatatu chache, sasa na kopo moja, lile jekundu, kisha daktari akahamishia kazi yake mtaa mwingine, na Bi Tatu akahama naye. Nilipata shule. Kiswahili changu kilishika mwendo. Baba alianza kunichukua dukani jioni, nikikaa juu ya gunia huku yeye akipima, na ingawa hatukuongea sana, nilijua sasa anachokinyamazia.

Siku moja Bi Tatu alipita dukani, hana sare, amevaa buibui lake, amekuja kununua maharage kama mtu yeyote.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwali wangu. Umekuwa!" Akanitazama, akamgeukia baba. "Bwana Elia, nimeona nikwambie mwenyewe. Hesabu zimekwisha. Kidonge kinazuia. Wale wa kopo jekundu wamepita mvua zote karibu bila homa. Wa kijani wameugua, Mungu awasamehe walionituma. Sasa wanasema watoto wa shule watapewa, na wageni wanaotoka sehemu za baridi kama kwenu mlimani, wakishuka tu wapewe siku hiyo hiyo."

Baba alikuwa ameshika kibaba cha kupimia. Akakiweka chini.

"Wakishuka tu," alisema.

"Ndivyo wanavyosema."

"Kwa hiyo angekuwa amemeza, siku ile aliposhuka kwenye basi..."

Bi Tatu alifunga maharage yake kwenye ncha ya kanga, akaniwekea mkono shavuni kidogo, akaenda zake, akapotea katikati ya watu wa sokoni.

Baba alibaki amesimama mbele ya gunia lililofunguliwa. Kisha akautia mkono wake ndani ya maharage hadi kiwiko, akawa anayageuza polepole, kama mtu aliyeangusha kitu humo na hakumbuki ni kitu gani. Nilishuka kwenye gunia langu. Nikasimama kando yake, nikautia na wangu. Ndani kulikuwa na ubaridi, na maharage yalipita katikati ya vidole kama maji mazito. Nilitafuta mpaka nikaupata mkono wake, na tulikaa hivyo, watu wakipita nje na vikapu vyao, hadi muda wa kufunga duka.